Pweza hula nini? Kumfundisha mtoto wa darasa la pili kuandika maelezo

Hebu soma vipande hivi viwili.

“Siku moja mama alikwenda pwani. Akaona pweza. Akamchokoa. Akaja naye nyumbani. Tukamla kwa muhogo.”

“Pweza hukaa kwenye shimo la mwamba. Ana minyiri minane. Hula kaa. Akiona mtu hubadilika rangi.”

Vyote viwili nimevitunga mimi, kwa kipimo cha mtoto wa miaka saba au minane. Mfano nimeuweka Micheweni, kaskazini mwa Pemba, kwa sababu mtoto wa Tumbe, Shumba au Kiuyu hahitaji kuelezwa pweza ni nini. Urefu wa vipande ni karibu sawa. Tahajia haina ugumu wowote. Kinachotofautiana ni kazi. Cha kwanza kinasimulia jambo lililotokea siku moja kwa mtu mmoja. Cha pili kinasema pweza ni kiumbe wa namna gani, jana, leo na kesho, na kinamwambia hata yule ambaye hajawahi kumwona.

Aina hii ya pili ndiyo ninayoiita hapa maandishi ya maelezo. Ni lugha ya kitabu cha sayansi, ya karatasi inayokuja ndani ya boksi la dawa, ya taarifa ya upepo kwa wavuvi. Watoto wengi huanza kuidaiwa wakiwa wakubwa, na hudaiwa kama vile waliwahi kufundishwa. Mimi nadhani mtoto wa darasa la pili anaiweza, na kwamba Kiswahili chenyewe kinampunguzia kazi kuliko tunavyotambua.

Kutoka -ka- kwenda hu-

Tazama vitenzi vya kipande cha kwanza: akaona, akamchokoa, akaja. Hiyo -ka- ndiyo kamba ya hadithi. Inafunga tukio kwenye tukio. Mtoto ameisikia tangu hajaanza kutembea: kwenye ngano za bibi, kwenye visa vya sungura na fisi, hata mama anapomweleza jirani kilichotokea sokoni. Ukishaishika -ka- hupotei. Kilichotokea kwanza unakiandika kwanza, kilichofuata kinafuata, na ukifika “tukala” au “tukalala” umemaliza. Yaani wakati wenyewe ndio unaokupangia insha.

Sasa tazama cha pili: hukaa, hula, hubadilika. Hu- haisemi lini. Na cha ajabu zaidi, haisemi nani. Vitenzi vyetu vingine hubeba mtendaji mbele yao: alikula ni yeye, nilikula ni mimi, tulikula ni sisi. Hula ni nani? Yeyote. Ndiyo maana inafaa sana kuzungumzia aina nzima ya kitu, si yule pweza wa jana aliyeishia kwenye sufuria.

Na hu- mtoto anakuja nayo kutoka nyumbani. “Baba huvua usiku.” “Paka wetu huiba samaki.” Susan Gelman, mwanasaikolojia wa Chuo Kikuu cha Michigan, Marekani, amechunguza kwa miaka mingi namna watoto wanavyozungumza juu ya aina nzima za vitu, na moja ya mambo yaliyojitokeza ni kwamba kauli za jumla huanza mapema mno, mtoto akiwa na miaka miwili mitatu tu. Mtoto wa umri huo tayari anaweza kutofautisha mbwa huyu anayebweka sasa hivi na mbwa kama mbwa. Kwa hiyo fikra ipo, na kwetu sisi umbo la kuibeba fikra hiyo lipo pia, fupi na rahisi. Kinachokosekana ni mazoea ya kuiweka kwenye karatasi.

Lakini hu- ina mitego miwili. Wa kwanza: kwa kuwa yenyewe haimtaji mtendaji, mtoto naye husahau kumtaja. Anaandika “Hula kaa. Hujificha. Hutoa wino.” na msomaji anabaki kuuliza nani huyo. Katika mazungumzo haina shida kwa sababu sote tunamtazama pweza yule yule. Kwenye karatasi hakuna anayemtazama.

Wa pili ni ukanushi, kwa sababu hu- haina ukanushi wake. Kinyume cha “pweza hula kaa” hakiwi na hu- ndani yake, kinakuwa “pweza hali kaa”. Mtoto anayesoma hilo neno “hali” anaweza kabisa kudhani tunazungumzia hali ya hewa. Ni jambo dogo, ila mwalimu akilionyesha ubaoni mapema anaokoa vilio vingi.

Tena kuna watoto watakaoandika “pweza anakaa mwambani”, kwa -na-, kama tunavyosema barabarani. Sioni tatizo. Mwalimu anayekata kila -na- kwa wino mwekundu anafundisha sarufi tu, na mtoto anajifunza kwamba kuandika ni kukatwa. Vivyo hivyo na Kipemba: maumbo ya nyumbani yaachwe yaingie kwenye rasimu ya kwanza. Kusafisha ni kazi ya mwisho, na si lazima ifanywe siku ile ile.

Eti hadithi kwanza

Kuna imani ya zamani kwamba akili ya mtoto mdogo ni ya hadithi, na maelezo yasubiri akue. Imani hiyo haiko kwetu tu. Mtafiti wa Marekani, Christine Pappas, aliipima na kuchapisha matokeo mwaka 1993. Aliwasomea watoto wadogo, umri wa maandalizi kwa hesabu zetu, vitabu vya hadithi na vitabu vya habari za viumbe na vitu. Halafu akawaomba wao wajifanye wanavisoma, ingawa kusoma bado. Watoto wakavisoma kwa mdomo vile vya habari vizuri kama walivyovisoma vya hadithi, na kwa lugha yake: hawakugeuza kitabu cha wanyama kuwa kisa cha mnyama mmoja. Alichouliza kwenye kichwa cha makala yake ni kama kweli hadithi ndiyo ya mwanzo. Ukisoma matokeo yake, ni vigumu kujibu ndiyo.

Basi kwa nini watoto wengi huandika hadithi tu? Jibu la kwanza la kufikiria ni kwamba ndicho wanachopewa. Mwaka 2000 Nell Duke, naye wa Marekani, alichapisha utafiti wa madarasa 20 ya darasa la kwanza katika eneo la Boston. Alikwenda na saa. Wastani wa muda ambao watoto walitumia na maandishi ya maelezo ulikuwa dakika 3.6 kwa siku, na kwenye skuli za maeneo ya maskini ulikuwa chini ya hapo. Hiyo ni Boston, mji wa maktaba.

Kwetu Afrika Mashariki nitazame mfano mmoja. Uwezo, ule mpango wa kupima watoto majumbani Tanzania Bara, Kenya na Uganda, una ngazi za kusoma: herufi au silabi, neno, aya, na juu kabisa hadithi ya kiwango cha darasa la pili. Mtoto akiisoma hadithi, amefika. Kipimo hicho sikilaumu, kimetuambia mambo ambayo tulihitaji kuyasikia. Ila kipimo nacho hufundisha. Tukisema kileleni kuna hadithi, walimu watapanda kuelekea kwenye hadithi, na mtoto atafika darasa la nne hajawahi kuulizwa kwa maandishi: kitu hiki ni nini, na hufanya kazi vipi?

Mtoto wa Micheweni anajua nini

Huwezi kueleza usichokijua. Hapa ndipo mada nyingi za insha zinapofeli kabla mtoto hajashika penseli. “Eleza kuhusu treni.” “Eleza kuhusu theluji.” Mtoto wa Pemba ataandika nini juu ya treni? Atanakili.

Mwani je? Kilimo cha mwani kwa biashara kilianza Zanzibar mwaka 1989, pale Paje na Jambiani, mashariki ya Unguja, kikasambaa hadi Pemba, na fukwe za Micheweni ni miongoni mwa sehemu ambako wanawake wengi wanaufanya. Mtoto wa hapo anajua vigingi vinasimikwa mchangani, kamba inapita kati ya kigingi na kigingi, na vipande vya mwani vinaning'inizwa kwenye kamba kwa vijikamba vidogo vinavyoitwa taitai. Anajua kazi hiyo haifanyiki kila siku: maji yakitoka sana wakati wa bamvua ndipo akina mama wanaingia, na yakiwa maji mafu wanangoja. Anajua kwamba baada ya wiki sita hivi mwani unavunwa, unaanikwa, unasinyaa, na harufu yake inaingia mpaka kwenye nguo. Ukimwambia haya ni maarifa atakushangaa. Kwake ni maisha tu.

Sasa mpe karatasi. Utapata kitu kama hiki: “Mwani uko baharini. Mwani una rangi. Mama ana mwani. Mwani ni pesa. Mwani unanuka. Mwisho.” Wengi wetu tungesema mtoto mvivu, au hajui. Si kweli. Carl Bereiter na Marlene Scardamalia, watafiti wa Kanada, katika kitabu chao cha 1987 kuhusu saikolojia ya uandishi, waliueleza mtindo huu vizuri: mwandishi anayeanza huchukua mada, huchota kumbukumbuni kitu cha kwanza kinachokuja, hukiandika, hicho humkumbusha kingine, hukiandika, na gunia likiisha husimama. Hajiulizi kipi kitangulie wala msomaji anahitaji nini. Akili haina nafasi ya maswali hayo, kwa sababu sehemu kubwa imeshikwa na kuunda herufi, kukumbuka silabi na kuacha nafasi kati ya neno na neno. Mtu mzima anayejifunza kuendesha baskeli hawezi papo hapo kukupa hesabu za duka.

Hapa nako Kiswahili kinasaidia, kwa kiasi. Tunaandika karibu kama tunavyotamka. Mtoto wa Kiingereza anaweza kuacha neno zuri kwa kuogopa tahajia yake, lakini wetu akishazijua silabi anaweza kuandika karibu kila neno analoweza kulisema. Kwa kiasi, nimesema, kwa sababu tunazifundisha silabi kwa ngazi: ba be bi bo bu kwanza, na zile nzito, mwa, pwe, ngo, nyi, mwishoni. Sasa angalia maneno ya pwani: mwani, pweza, mwamba, minyiri, kigingi, ng'ombe anayechungwa pembeni. Karibu yote yana silabi nzito. Mwalimu anayesubiri hadi silabi zote ziishe anawaacha watoto kwa muda mrefu na baba, kaka na dada, watu wasio na jambo lolote la kuelezwa. Bora mtoto aandike “mani” leo akiwa na la kusema. Ile w itakuja.

Jambo lenyewe linavyokwenda darasani

Huko Sydney, Australia, miaka ya 1980, wanaisimu wakiwemo J. R. Martin na Joan Rothery walikusanya maandishi ya watoto wa skuli za msingi, wakaona yale yale: watoto husimulia na kutoa maoni, mara chache hueleza. Walichopendekeza wao na wenzao ni mwendo wa hatua tatu: mwalimu aonyeshe mfano na kuuchambua, kisha darasa zima liandike pamoja na mwalimu, kisha kila mmoja aandike wake. Hatua ya katikati ndiyo inayorukwa mara nyingi, na ndiyo ninayoiona ya maana zaidi kwa darasa lenye watoto wengi na vitabu vichache.

Siku ya kwanza haina penseli. Kinaletwa kipande cha kamba chenye mwani. Watoto wanakishika, wanakinusa, wanabishana. Mwalimu anauliza na kunyamaza, na hata kama yeye mwenyewe amekulia Wingwi anajifanya mgeni. Huu unakula nini? Unashika wapi, mbona sioni mizizi? Kwani ukiuweka mchangani utaota? Hapo watoto wanaanza kueleza kwa mdomo, na hu- zinamwagika zenyewe: hufungwa, huvunwa, huanikwa. Maneno yakishasemwa, kuyaandika ni nusu ya kazi.

Siku ya pili ubao. Watoto wanatoa sentensi, mwalimu anaandika, na wote wanaona sentensi ikisumbuliwa. Mtoto anasema “mama huufunga”. Mwalimu: mama wa nani? Wa kwangu. Na yule asiyemjua mama yako? Basi “wakulima huufunga”. Hilo badiliko moja, kutoka mama hadi wakulima, ni somo zima. Huwezi kulieleza kwa kanuni kwa mtoto wa miaka saba, ila akiliona likitokea mbele ya macho yake, kwa sentensi yake mwenyewe, analishika.

Kisha sentensi zinaandikwa kwenye vipande vya boksi la kaboni, kila moja kipande chake, na watoto wanazipanga sakafuni. Zipi zinasema mwani ni nini? Zipi zinasema unalimwaje? Zipi zinasema unafanyiwa nini baadaye? Kile kipande cha “mwani unanuka” kitazua ugomvi, na ugomvi huo ni mzuri: kiende kwenye “ukoje” au kwenye “kuanika”? Hadithi ilipangwa na wakati, lakini maelezo hayana wakati wa kuyapanga, kwa hiyo inabidi mtu apange. Mtoto anayehamisha kipande cha boksi kwa mkono anafanya kazi ambayo kichwani mwake peke yake ingemshinda. Kitu kinachotoka kinaweza kuwa hivi:

“Mwani hukua baharini. Hauna mizizi wala maua. Wakulima huufunga kwenye kamba kwa taitai. Kamba hufungwa kwenye vigingi. Maji yakitoka, wakulima huenda kuutazama. Baada ya wiki sita huvunwa. Huanikwa juani mpaka ukauke. Mwani ukioza hunuka.”

Siku zinazofuata kila mtoto anachagua chake: kaa, ngarawa, karafuu, kokoto zinazovunjwa kule mawe yaliko mengi. Anaanza na mchoro wenye majina. Mchoro wa pweza wenye mstari unaokwenda kwenye “jicho” na mwingine kwenye “mnyiri” tayari ni maandishi ya maelezo, na kwa mtoto ambaye sentensi bado zinamtesa ndio mlango wake.

Lakini anamwandikia nani? Swali hili si la mapambo. Victoria Purcell-Gates, yule Nell Duke na Joseph Martineau walichapisha mwaka 2007 utafiti wa wanafunzi wa darasa la pili na la tatu waliosoma na kuandika sayansi. Watoto waliopewa sababu ya kweli ya kuandika, msomaji wa kweli anayetaka kujua, walikua zaidi. Kuongeza maelekezo ya wazi juu ya sifa za aina hiyo ya maandishi, kwa vipimo vingi, hakukuonyesha faida ya ziada. Watu wa Sydney wasingefurahi kusikia hivyo, na mimi niko katikati. Mtoto ambaye hajawahi kuona kitabu cha maelezo lazima aonyeshwe kinafananaje. Huwezi kuiga usichokiona. Ila mfano bila msomaji huzaa nakala hamsini za mwani ule ule.

Msomaji wa kweli Micheweni hapatikani kwa shida. Kuna skuli za Chake Chake mjini ambako mtoto huenda hajawahi kufunga hata taitai moja. Kuna binamu Dar es Salaam. Na Micheweni ina redio jamii yake, ambayo watoto wanaisikia nyumbani. Kuandika ukijua kitu chako kinaweza kusomwa hewani na kusikiwa na mama aliyeko shambani kwenye mwani, na kwamba yeye anajua mwani kuliko wewe, kunabadilisha kabisa namna unavyoitazama sentensi yako.

Umejuaje?

Kuna jambo ambalo maandishi ya maelezo yana na hadithi haina: yanaweza kuwa ya uongo. Katika hadithi pweza akisema na sungura, hakuna wa kupinga. Ukiandika “pweza ana minyiri kumi”, mtu yeyote Tumbe atakwenda kuhesabu. Mtoto anapoulizwa “umejuaje?” si kwamba anashtakiwa. Anaweza kujibu: nimeona, nimeambiwa na baba, nimesoma, nimedhani. Majibu manne, na yote yana nafasi, ila hayana uzito mmoja. Kwa maoni yangu hapo ndipo sayansi inapoanzia, kabla ya maabara yoyote.

Mwani wenyewe ni mfano. Karibu kila mtoto ataandika “mwani ni mmea”. Mwalimu wengi wetu tungepitisha. Lakini mtoto yule yule ameandika hauna mizizi wala maua, na ni kweli: mwani unaolimwa kwetu uko katika kundi la mwani mwekundu, hufyonza chakula chake kutoka kwenye maji kwa mwili mzima, na ndiyo maana kipande kilichofungwa kwenye kamba hukua bila udongo. Wataalamu huutenganisha na mimea ya nchi kavu. Darasa la pili halihitaji majina ya makundi. Linahitaji kuona kwamba sentensi mbili za daftari moja zinavutana, na kwamba kuvutana huko ni swali zuri.

Mfano mwingine ni popo. Mtoto wa Makangale, karibu na msitu wa Ngezi, anaweza kukueleza kwamba popo wakubwa hulala wakining'inia mitini mchana na hula matunda usiku. Hayo ameyaona. Asilolijua, na hawezi kulijua kwa kutazama juu, ni kwamba popo huyo hapatikani popote duniani ila Pemba. Kwa kutazama huwezi kujua kitu hakipo kwingine. Hapo ndipo mwalimu anapoleta la kitabuni: wanasayansi wamempa jina lake, Pteropus voeltzkowi, na kuna wakati alikaribia kutoweka kwa kuwindwa na kukatiwa miti. Macho ya mtoto na kitabu vinakutana kwenye ukurasa mmoja.

Darasa la tano haliko mbali

Kwa nini nina haraka na watoto wa miaka saba? Kwa sababu ya kinachowangoja. Sera ya Elimu ya Zanzibar ya mwaka 2006 iliamua hisabati na sayansi zifundishwe kwa Kiingereza kuanzia darasa la tano. Mjadala kuhusu lugha ya kufundishia ni mrefu na sitaumaliza hapa. Lakini fikiria mtoto anayeambiwa, kwa lugha ya kigeni, aeleze jinsi maji yanavyogeuka mvuke. Ana mizigo miwili: maneno ya Kiingereza, na ile kazi yenyewe ya kueleza kwa maandishi, kutaja kitu, kusema kikoje, kupanga, kutofautisha anachojua na anachodhani. Mzigo wa kwanza hatuwezi kumwondolea kwa urahisi. Wa pili angeweza kuwa ameuzoea miaka mitatu kabla, kwa lugha yake, juu ya mwani na pweza. Asipouzoea, atakariri sentensi za kitabu, na sisi tutasema Kiingereza kimemshinda.

Najua pingamizi la mwalimu: nina watoto hamsini, madaftari hamsini, nitasahihisha saa ngapi? Usisahihishe yote. Soma machache kila siku, na kwenye kila daftari shughulika na jambo moja tu. Mengine waachie wenyewe kwa wenyewe: wawili wawili, wanabadilishana madaftari, na kila mmoja anaruhusiwa kuandika chini ya kazi ya mwenziwe swali moja ambalo bado hajajibiwa. Hakuna alama, hakuna vema wala kosa. Mtoto akirudishiwa daftari lake analijibu swali kwa sentensi moja ya ziada, na maelezo yamekua. Yule aliyeandika “Hula kaa. Hujificha. Hutoa wino.” hahitaji kusubiri mwalimu amfikie, maana jirani yake wa dawati ameshamwandikia chini, kwa penseli: nani?